Kioo cha nyuma cha Legacy: nimelipa mara mbili, nyota nampa fundi wa pili

Nianze na nazi, manake kila nikitaja bei watu wananiuliza nani kanigonga, na mie hakuna aliyenigonga. Nilikwenda Kilifi kwa mjomba, mwezi wa tatu, jua la kukaanga mayai, nikaegesha kivulini kama mtu yeyote mwenye akili zake, sasa kivuli chenyewe kilikuwa cha mnazi na juu ya mnazi kuna mkwezi anaangua madafu. Nilimuona. Nilimsalimia kabisa akaniitikia. Nikaingia ndani, sijamaliza hata kuulizwa habari za watoto nikasikia mlio kama mtu kamwaga gunia la mchele sakafuni, natoka nje nakuta buti la gari liko wazi, kioo hakuna, na nazi imelala juu ya kiti cha nyuma kama abiria.

Mkwezi akasema alipiga kelele. Mjomba akasema ni kazi ya Mungu. Mkaza mjomba ndiye pekee aliyeleta ufagio. Nani alipe ni jambo ambalo mpaka leo halijajadiliwa rasmi, ila niliondoka na gunia la nazi kwenye gari, sijui kama ndio ilikuwa fidia au ni ukarimu wa kawaida tu.

Gari yenyewe ni Subaru Legacy Touring Wagon GT, ile bodi ya BP5, yangu ni ya 2006, lita 2 yenye tabo (turbo). Kwa wasiozijua hizi, ni stesheni wagoni ndefu ambayo ukiiona imesimama unadhani ni ya mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu, halafu ikikupita pale Mariakani, njia ya Nairobi, unabaki unajiuliza kumetokea nini. Farasi 260 kwa ya automatiki, magurudumu yote manne yanasukuma, na nyuma unapakia magodoro mawili. Mie naipenda kwa hayo magodoro kusema kweli, nina biashara ndogo ya mashuka na mapazia, ila sitasema uongo kwamba tabo sijaigusa. Shida ya gari za aina hii ni kwamba watu wana spea za injini kila kona, tabo utapata, koili utapata, kila kijana anajua kubadilisha, lakini ukitafuta kioo cha nyuma wanakutizama kama umeuliza pembe ya farasi.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba kioo cha nyuma si ndugu ya kioo cha mbele. Cha mbele ni vioo viwili vimebandikwa pamoja na katikati kuna utando wa plastiki, ndio maana kikipigwa jiwe kinapata ufa na unaendelea kuendesha mwezi mzima ukijidanganya utaenda kukijaza. Cha nyuma ni kioo kimoja kilichopikwa kiwandani kwa moto unaozidi digrii 600 kisha kikapulizwa upepo kipoe ghafla, ngozi ya nje inabana na ndani inavuta, kwa hiyo kina nguvu sana mpaka siku kikipata kidonda sehemu mbaya, hapo chote kinakwenda kwa pamoja punje punje. Hakuna kuziba, hakuna ufa, hakuna "tuangalie angalie". Na hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kupikwa. Hili la kukatwa lishikeni, ntalirudia.

Safari ya kurudi Mombasa ndio ilinipa adabu. Nikafunika shimo na nailoni ya godoro na selotepu ya kufungia katoni, nikajiambia si mbali. Kufika Mtwapa kwenye vumbi la ujenzi wa barabara nailoni imeshachanika inapiga makofi, na kichwa kinaniuma vibaya. Nilidhani ni jua. Kumbe ni moshi! Gari ya aina hii mgongo wake umekatika wima, ikienda mbele hewa ya nyuma inabaki kama imenyonywa, na moshi wa ekzosi badala ya kubaki barabarani unarudi ndani kupitia lile shimo. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, inakulaza usingizi ukiwa kwenye usukani. Nilifungua vioo vya mbele nikidhani nasaidia, fundi baadaye akaniambia afadhali ningeweka feni ya gari ipulize hewa ya nje kwa nguvu, isukume kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo kama kioo cha nyuma kimekwenda na huna budi kuendesha, ziba shimo kweli kweli, turubai si nailoni, au vuta gari. Usifanye kama mie.

Bima msiniulize. Gari ikishafika umri huu kampuni mbili nilizoziuliza hazikutaka kunipa komprehensivu, ile inayolipia gari yako mwenyewe, nina thadipati, na thadipati nazi haiijui.

Sasa fundi wa kwanza. Simtaji jina wala mahali, yuko kando ya barabara mjini na ana bango kubwa lenye picha ya kioo cha mbele. Nilipofika swali la kwanza, "mwenye gari anakuja?" Nikamwambia mwenye gari ndiye huyu. Akatizama gari, akanitizama, akatizama gari tena. Akasema sawa sista. Akanipa njia tatu. Ya kwanza tuweke pleksi, ile plastiki ngumu ya mabango. Ya pili ana kioo cha gari nyengine kinachokaribiana, "tutakipunguza pembeni kidogo tu". Mie wakati huo sikujua kwamba hakipunguziki, kingelipuka mkononi mwake, na nikikumbuka alivyosema kwa kujiamini nacheka peke yangu. Ya tatu akasema kuna mtu ana kioo cha Outback, bodi ni moja na Legacy, kinaingia. Hapo alikuwa sahihi na nampa haki yake, wagoni hizi za 2003 mpaka 2009, iwe Legacy iwe Outback, mgongo ni mmoja, kwa hiyo ukitafuta usiulize GT peke yake utajinyima.

Bei 12,500, kioo na kazi. Saa mbili niko njiani kwenda nyumbani. Nilifurahi jamani, nilimpigia mpaka mjomba.

Furaha ilidumu mpaka nilipoosha gari. Kwanza kioo chenyewe ni cheupe. Gari yangu vioo vyote vya nyuma vya ubavuni ni vile vyeusi vya kiwandani, weusi uko ndani ya kioo chenyewe si karatasi, sasa mgongoni nina dirisha jeupe pee, gari kama mtu aliyevaa miwani ya jua akasahau lenzi moja. Nikamrudia, akasema tutabandika tinti. Nikauliza na zile nyuzi za defoga, zinazopasha kioo joto kiondoke ukungu, itakuwaje siku ya kuibandua tinti, manake ukikwangua na wembe unazing'oa, akaniambia "sista, Mombasa hii defoga ya nini, kuna baridi gani?" Na kweli alikuwa hajaziunganisha, zile waya mbili zilikuwa zinaning'inia ndani ya paneli kazisukumia huko.

Hili la defoga nilijibu hivi na nalijibu tena hapa kwa sababu wengi wa Pwani wanafikiria hivyo hivyo. Siku ya mvua, gari imejaa watu, AC unaiogopa kwa ajili ya mafuta, kioo cha nyuma kinaingia ukungu kwa ndani na gari hii ni ndefu, ukirudi nyuma huoni kitu. Na mie napanda Nairobi usiku kuchukua mzigo. Ukifika Limuru alfajiri ndio utajua Mombasa si nchi nzima.

Pili, kayamba. Kila nikifunga buti kuna sauti, shaka shaka shaka, kila tuta, shaka shaka. Punje za kioo cha zamani ziko ndani ya mlango wa buti, hakufungua paneli, hakuvuta vakyumu, kaziacha humo zinacheza. Nilitembea wiki tatu na ngoma ya arusi mgongoni.

Tatu ikaja mvua. Ile ya mwanzo ya masika, si kubwa hata. Asubuhi naweka mzigo nasikia harufu ya zulia bichi, nainua ubao wa chini, tairi la spea limekaa kwenye dimbwi. Ningeweka samaki wangeishi. Mashuka ya mteja mawili yamelowa, hayo niliyalipa mwenyewe. Kumpigia fundi ananiambia labda ni mpira wa buti, nilete aangalie, kwenda kuangalia anachukua tyubu ileile ya silikoni anapaka juu kwa nje kwa kidole. Kwa kidole! Nikasoma ile tyubu, ni silikoni ya madirisha ya aluminiamu, ile ya hadiweya, mwenye nyumba yeyote anaijua. Nikaondoka sikugombana, nilikuwa na mteja.

Fundi wa pili nimempata kwa dereva wa teksi ninayemjua, yeye mwenyewe alikuwa na ajali ya kurudi nyuma. Karakana iko upande wa Shimanzi, haina bango, haina jina, ni geti tu la mabati na ndani kuna kivuli cha mwembe na gari tano sita. Kama ingekuwa na jina ningeliandika kwa herufi kubwa. Mwenyewe ni mzee wa makamo, mpole, anaongea polepole kama mtu anayehesabu, vijana wake wanamwita ami na mie nikajikuta namwita ami.

Swali lake la kwanza halikuwa mwenye gari yuko wapi. Aliuliza, "mwanangu, hiki nani alikiweka?" Akaniambia nije nione kitu. Akaingia ndani ya gari kupitia viti, akalala chali, akaweka viganja viwili kwenye kioo, kijana mmoja amesimama nje ameshika, akasukuma. Wallahi kioo kikatoka. Bila kisu, bila waya, bila chochote, kama mfuniko wa sufuria. Mie mikono kichwani. Nilikuwa nimeshakwenda na kile kioo mpaka Nairobi nikarudi, kilomita mia nne themanini na ushee kila upande, nikikanyaga tabo kupita malori, na kilichokuwa kimeshika kioo ni Mola peke yake.

Ndio akanieleza. Kioo cha gari hizi hakikai kwenye mpira kama gari za zamani, kimegundishwa kwenye bodi moja kwa moja, na gundi yake ni yurethani, nyeusi, nzito. Silikoni ile ya dirisha inashika kwa muda halafu inaachia, na nyengine ikiwa inakauka inatoa asidi, ile harufu ya siki mnayoisikia, hiyo asidi si rafiki wa bati. Na ubaya zaidi ukishapaka silikoni mahali gundi ya kweli haishiki tena mpaka uisafishe yote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ambayo nililipia haikuwa kuweka kioo, ilikuwa kufuta uchafu wa mwenzake. Kijana mmoja alikaa saa nzima na kisu na kitambaa anakwangua ukingo wote. Hakuna aliyemharakisha. Hapo ndio moyo wangu ulitulia, manake nilishaona watu wakifanya kazi na watu wakimaliza kazi, si kitu kimoja.

Akasema kile kioo cheupe ni kizima, hakina shida, naweza kukirudisha kwa gundi sahihi nilipe kazi tu. Alinipa hesabu ya njia ile ya bei rahisi bila kuulizwa, nakumbuka hilo. Lakini mie nilikuwa nimeshachoka na ile miwani ya lenzi moja, nikamwambia nataka cheusi. Akapiga simu Nairobi kwa mtu wake wa Kirinyaga Road, huko bado wengi tunaita Grogan, wanakouza spea zilizotoka Japani kwenye gari zilizokatwa. Mnajua utani wa Grogan, kwamba unaweza kuuziwa saidimira yako mwenyewe, kwa hiyo nikasema nione picha kwanza. Zikaja picha, na ami akamwambia yule mtu apige picha pembe ya kioo pale penye maandishi, zile nyuzi za defoga kwa karibu, na vile vibati viwili vya pembeni ambako waya zinaingia. Kama kibati kimeng'oka akatae. Akamwambia pia asikwangue gundi yote ya zamani pembezoni, aache tabaka jembamba, milimita moja hivi. Nilidhani ni uvivu. Kumbe gundi mpya inashika gundi ya zamani iliyokatwa vizuri kuliko inavyoshika kioo kitupu, kitupu kinataka praima, ile dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike.

21,000 kioo peke yake. Nilinuna, nikalipa. Angeweza pia kunitafutia buti zima na kioo chake, mtu alitaka 34,000, kazi yake ni boliti tu na waya, lakini lilikuwa la fedha na gari yangu ni ya buluu, ukijumlisha rangi umepita huko.

Kioo kikaja na basi la usiku, 1,200, kimesimamishwa si kimelazwa, kimefungwa na blanketi kuukuu na vipande vya godoro na katoni, pembe zote nne zimevalishwa kama mtoto mchanga. Ami alikwenda stendi mwenyewe alfajiri kukipokea. Hivi vioo adui yake ni pembe, katikati unaweza kukigonga na ngumi kisifanye kitu halafu pembe iguse sakafu kidogo tu umebaki na punje.

Siku ya kazi nilikaa pale nikatizama mwanzo mwisho na ntaieleza kidogo kwa sababu hapa ndio pesa ilikwenda. Walifungua paneli yote ya ndani ya buti wakavuta vakyumu, zikatoka punje kikombe kizima, kayamba langu lile pale. Wakafungua na viti vya nyuma chini kwenye mikunjo, zikatoka nyengine. Wakakiweka kioo kikavu kwanza, bila gundi, wakapima nafasi kushoto na kulia, wakabandika vipande vya selotepu nusu kwenye kioo nusu kwenye bodi kisha wakavikata katikati na wembe, ili kikirudi na gundi kirudi pale pale. Ujanja mdogo, niliupenda sana. Pale walipokwangua mpaka bati wakapaka praima nyeusi wakaiacha ikauke, na wakati inakauka hakuna aliyegusa, walikunywa chai.

Tyubu ya gundi kabla ya kuifungua ami alinionyesha tarehe. Hizi gundi zina umri, ikipita tarehe inatoka lakini haishiki inavyotakiwa, na ukiwa mteja huwezi kujua isipokuwa usome. Mdomo wa tyubu wakaukata umbo la V, gundi ikatoka imesimama kama mgongo wa samaki, mstari mmoja usiokatika kuzunguka ukingo wote, kisha vile vikombe vya kunyonya viwili, watu wawili, moja mbili tatu, kikakaa. Wakakibana kwa selotepu kisishuke manake buti limelala mshazari.

Nikauliza naondoka saa ngapi. "Kesho." Nikamwambia ami kesho nina kazi. Akasema basi kesho mchana. Hakubishana. Akanieleza kwamba gundi hii inakauka kwa kula unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ni chakula chake, hapa inashika haraka kuliko bara kiangazi, lakini haraka si saa mbili, na yeye hatoi gari siku ile ile iwe ya nani. Gari ililala kwake. Akanipa masharti ya siku mbili: dirisha moja liachwe wazi kidogo wakati wote, manake ukibamiza mlango gari imefungwa kote ile hewa inatafuta pa kutokea na itasukuma kioo kibichi, buti nisilibamize, gari isioshwe kwa mashine ya presha, na Mariakani niende kama mwalimu mkuu. Lile la mwisho alisema anacheka.

Defoga alinipimia mbele yangu. Akawasha, akashika mita, akagusa katikati ya kila uzi, volti sita hivi, karibu nusu ya betri. Ukigusa katikati ukakuta volti zote kumi na mbili au sifuri ujue uzi umekatika mahali. Uzi mmoja wa chini ulikuwa umekatika, akaniambia ukweli, akasema kuna rangi ya fedha ya kuunganishia, tone dogo tu, akaunganisha na ukapimika. Angenyamaza nisingejua kamwe.

Sasa malalamiko, msije mkadhani ni shemeji yangu. Aliniambia siku moja ikawa tatu, sawa basi lilichelewa, lakini simu hapokei, unapiga mara nne anapokea kijana anakwambia ami yuko msikitini, na hiyo ni saa nne asubuhi. Hakuna pa kukaa, nilikalia tairi la lori siku nzima na nguo yangu ya kazi. Klipu mbili za paneli zilivunjika, klipu za plastiki za umri huu zinavunjika hata kwa kutizamwa, najua, lakini waliweka mbili zisizofanana bila kuniambia na niliziona mwenyewe nyumbani. Kuna alama ya gundi nyeusi kwenye zulia ukubwa wa kidole gumba na hiyo haitoki maishani. Na risiti ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu la mtoto, upande wa pili kuna jedwali la saba.

Kazi alinitoza 6,500. Kwa hiyo hesabu ya nazi moja: 12,500 za yule wa bango, 21,000 kioo, 1,200 basi, 6,500 kazi, jumla 41,200, na mashuka sijayatia humo. Ningeanza kwa ami ningetumia 28,700. Nyota nne kati ya tano, ile moja ni ya simu na zulia, klipu nimesamehe.

Mvua kubwa imeshakuja mara kadhaa tangu hapo, ile ya mwezi wa tano ya kufunga barabara. Nimekuwa na mazoea mabaya, kila ikinyesha usiku asubuhi nainua ubao nagusa tairi la spea kwa mkono. Kavu. Juzi nilikuta punje moja ya kioo, moja tu, sijui ilikuwa imejificha wapi, nikaiweka kwenye kisahani cha funguo.

Kwa mjomba nimerudi mara moja, nikaegesha juani. Mkwezi alikuwepo, akaniita kutoka juu, "dada, pale kivulini mbona pazuri?"

Kile kioo cheupe ninacho nyuma ya kabati, kimefungwa kwenye blanketi lile lile la Nairobi, defoga zake nzima nyuzi zote, hakijapata mkwaruzo. Mwenye Outback anayekitaka ni elfu nne na sipunguzi.